Mawe Juu ya Mzee Laurian

Mzee Laurian alifariki wiki tatu kabla ya Azimio la Arusha, na watu wengi wa Biharamulo waliona kwamba huo ulikuwa ujanja wake wa mwisho. Alikuwa ameishi tajiri, akafa tajiri, na siku redio ilipotangaza kwamba utajiri ni kosa, yeye alikuwa ameshazikwa. Kosa lilibaki kwa mwanawe mkubwa, Modestus, pamoja na kigoda, mkuki, mizani ndogo ya shaba na shimo.

Shimo ndilo lililokuwa mgodi. Mgiriki mmoja alilichimba kwenye kilima cha Kasharazi kabla ya vita vya Hitla, Laurian akiwa nyapara wake. Mwaka hamsini na sita Mgiriki alisema anakwenda Mwanza kununua baruti na atarudi Jumatatu. Jumatatu hiyo haijafika. Laurian alisubiri mwezi mzima kwa adabu, kisha akaendelea kuchimba na vibarua wanne, akawa anauza dhahabu kidogo kidogo mjini. Alinunua baiskeli mbili, gramafoni, na buti za mpira za kuzuia tope alizozivaa wakati wa kiangazi ili zisichafuke. Kwa wilaya nzima hiyo ilitosha. Watu walizitaja mali za Laurian kama wanavyolitaja ziwa: hawajui mwisho wake uko wapi, wala hawaoni sababu ya kwenda kuutafuta.

Modestus aliujua mwisho wake siku ile baba alipomwita kitandani na kumwambia afunge mlango.

"Mgodi umekwisha," alisema mzee.

"Tangu lini, baba?"

"Tangu mwaka wa uhuru. Usiseme. Watu wamekwisha kuuzoea."

Modestus alikuwa na umri wa miaka thelathini na miwili, ana mke, na alikuwa ameoa kwa sifa za mgodi huo. Mzee akaendelea, akipumzika kila baada ya maneno machache. Mshipa mzuri wa mwisho, ule wa mawe meupe yenye michirizi ya buluu, hakuupeleka mjini. Aliyavunja mawe yake kwa mkono wake mwenyewe, yakawa ukubwa wa ngumi, tayari kwa kusagwa, akayarundika nyuma ya jiko kama vile hayana maana.

"Nikizikwa, yapange juu yangu. Yote. Kaburini haji mwizi."

"Na mimi nitayachukua lini?"

"Hali ikitulia," alisema Mzee Laurian, na hiyo ndiyo hekima yote ya biashara aliyomwachia.

Mawe yakapangwa. Waombolezaji walisema hawajawahi kuona kaburi la mkulima lililopambwa vile, na fundi mmoja akachonga msalaba wa mninga bila kudai chochote. Siku ya kumaliza matanga Modestus alikalishwa kwenye kigoda cha baba yake, akashikishwa mkuki, na shangazi yake Ernesta akamkumbusha mbele ya ukoo yale ambayo kila Msubi wa Biharamulo anayajua: jiwe lililowekwa juu ya marehemu ni la marehemu, na anayeliondoa usimwulize njaa yake, mwulize uchawi wake. Modestus aliitikia. Akiwa pale juu ya kigoda ndipo alipoanza kuyapima mambo vizuri. Baba yake, nyapara kwa miaka ishirini, aliwajua wezi wa kila aina, akatafuta ghala ambalo hakuna atakayethubutu kulifungua. Alichosahau ni kwamba mrithi naye ni mtu.

Baada ya mwezi, ili kuhakikisha tu, alichukua jiwe moja upande wa miguuni. Scholastika, mkewe, alilisaga kwenye kinu cha chuma alichokiacha Mgiriki, akaosha unga wake kwenye karai. Ukingoni ukabaki mstari wa njano, mwembamba kama uzi wa kushonea. Scholastika alikuwa mwanamke wa hesabu fupi. Lundo lile, alisema, ni mashine ya kusaga mahindi, ya dizeli, na bati la kuiwekea juu. Kwa wakati huo mashine ya karibu ilikuwa Lusahunga, saa mbili kwa miguu na mzigo kichwani, na ukifika unaambiwa mkanda umekatika.

Tangu siku hiyo, nyumbani kwao hawakusema tena "kaburi". Walisema "mashine".

"Umepita kwenye mashine?"

"Nimepita. Nimepalilia."

Lakini hali haikutulia. Azimio lilikuwa limeshakuja, na kila kijiji kikahitaji bepari. Viongozi wa wilaya walipokuja kuhutubia walisema "mabepari wenu hapa", wakatazama huku na huku, na lingekuwa jambo la aibu kutokuwa naye hata mmoja. Modestus ndiye pekee aliyekuwa na sifa. Alikuwa na mgodi. Kwamba mgodi ulikuwa shimo lenye popo, hilo yeye hakuweza kulisema, kwa kuwa baba alimkataza, na wengine hawakutaka kulisikia. Basi alitumika. Kila mkutano aliwekwa benchi la mbele ili mhutubiaji asipate taabu ya kumtafuta. Alisimama akiambiwa asimame, akainamisha kichwa penye neno "unyonyaji", na baada ya mkutano wanyonywaji walimfuata kuomba chumvi. Alikuwa anavaa kaptula yenye viraka viwili. Watu walisema ndivyo matajiri wanavyojificha.

Mwaka sabini na nne ikaja operesheni. Kaya zote za kuzunguka Kasharazi zilihamishiwa kando ya barabara, kwenye kijiji kipya chenye mistari iliyonyooka. Katibu wake alikuwa Evaristi, Mhangaza wa Kanazi, mwalimu wa zamani aliyeamini kila waraka hadi ulipofuatwa na mwingine. Migomba ya Modestus ilibaki kule juu, shimo likabaki, na Mzee Laurian akabaki na mawe yake peke yake kwenye mahame, mwendo wa saa nzima.

Mwaka sabini na sita ndipo Modestus alipopata wazo. Kilichomzuia kuyachukua mawe, alijieleza, si mawe. Ni kaburi. Na kinacholifanya lundo liitwe kaburi, kwa mpita njia, ni msalaba. Akaung'oa. Akauficha shimoni. Akaamua kuyaacha majani yaote vuli tatu, watu wazoee kupita pale bila kuvua kofia, hadi siku yenyewe atakapokuwa mtu anayesomba mawe kutoka shambani kwake, jambo ambalo hata serikali ililihimiza.

Shangazi Ernesta alikuwa bado anaweza kutembea mwaka ule wa kwanza. Alikwenda, akarudi.

"Msalaba wa kaka yangu uko wapi?"

"Mchwa, shangazi."

"Mchwa wa wapi wanaokula mninga?"

"Wa siku hizi," alisema Modestus.

Shangazi alimtazama, akasema "haya", na mwaka uliofuata magoti yakamshinda. Modestus alimhurumia kwa dhati, na alijua kwamba huruma yake ilikuwa na faida.

Msimu wa kwanza ulipita, wa pili ukapita. Akaja Ndassa, Msukuma kutoka Shinyanga, na ng'ombe wake, wake wawili na mkokoteni wa kukokotwa na ng'ombe uliokuwa gari la kifahari kuliko yote kijijini. Alipewa shamba jirani na yale mahame. Alikuwa mtu mwema kiasi cha kuchosha. Aliona migomba ya Modestus imesongwa na majani akaipalilia bila kuambiwa. Alipooneshwa benchi la mbele na kuelezwa kwamba yule ndiye bepari, alikwenda kumwamkia kwa mikono miwili, akiwa amejifunza huko alikotoka kwamba mtu mwenye mali hupatikana kwa bahati na anafaa kutunzwa.

Msimu wa tatu ulikuwa vuli ya mwaka sabini na nane. Modestus alikuwa ameshapanga: maharage yakivunwa tu. Scholastika alikuwa ameshachagua mahali pa kuweka mashine, karibu na barabara, akapawekea jiwe la alama, la kawaida.

Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Amini yalivuka mpaka wa kaskazini.

Vita haikufika Biharamulo. Kilichofika ni barabara ya kwenda vitani. Malori yalikuja kutoka kusini usiku na mchana, yamefunikwa maturubai, na vijiji vikaombwa mbuzi, maharage na vijana. Modestus alichanga mbuzi wawili. Watu wakanong'ona kwamba kwa tajiri ni kidogo. Nje kidogo ya kijiji palikuwa na kona yenye kinamasi, na mvua zilipokolea malori yakaanza kulala pale ubavu. Evaristi akapokea waraka, akauamini: kila kaya ilete madebe kumi ya mawe, Kona ya Tope ijazwe kabla ya Jumapili.

Modestus hakuwapo kuusikia. Alikuwa ametumwa Biharamulo mjini na kundi la mbuzi wa kijiji, kwa kuwa, alisema Evaristi, bepari hawezi kuiba mbuzi, ataonekana mara moja. Alikaa siku nne akisubiri mtu wa kuwapokea. Aliporudi, akiwa bado ananuka beberu, alimkuta Ndassa amekaa kwenye ukingo wa mkokoteni wake mbele ya nyumba, anamsubiri kwa furaha.

"Jirani, pumzika tu. Nimekupunguzia kazi."

"Kazi gani?"

"Mchango wa mawe. Kila kaya madebe kumi, si ndivyo? Wewe umepeleka sitini na mawili. Hakuna aliyekufikia. Nimeandikisha jina lako, si langu. Yangu nilisomba mtoni."

Modestus alishika gurudumu la mkokoteni.

"Mawe ya wapi, Ndassa?"

"Yale ya kule kwenu mahame. Lundo lile lililokaa bure kwenye majani. Kwetu lundo kama lile ni mawe yaliyomsumbua mtu kwenye jembe, akayatupa pembeni. Lakini yenu, jirani, yamepondwa vizuri. Mkubwa wa barabara aliuliza ni nani aliyeyaponda kwa kipimo."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ni urithi."

Modestus alikaa chini, pale pale alipokuwa. Ndassa alidhani ni shukrani, akamwachia nafasi.

Jioni hiyo hiyo alichukua baiskeli akaenda Kona ya Tope. Mawe yalikuwa yameshashindiliwa, yamenyunyiziwa changarawe, na barabara ilikuwa nzuri kama ya mjini. Msafara ulikuwa unapita. Lori la kwanza lilipita juu ya mshipa wa mwisho wa Kasharazi, likafuata la pili, likafuata lenye kuvuta mzinga, kisha jiko la jeshi likitoa moshi. Kijana mmoja wa kwenye turubai alimpungia mkono. Modestus naye akampungia.

Aliyafikiri yote akiwa amesimama pale. Akisema kulikuwa na dhahabu, ataulizwa kwa nini aliificha miaka kumi na miwili, na jela ilikuwa karibu kuliko Lusahunga. Akisema lilikuwa kaburi, ataulizwa msalaba uko wapi, na shangazi yake alikuwa hai, na masikio yake hayakuugua magoti. Kulaumu angeweza kumlaumu Ndassa peke yake, na Ndassa hakufanya lolote ila kumtendea wema kwa kumwamini yeye Modestus, kwamba lundo ni lundo.

Jumapili Evaristi aliitisha mkutano darasani, akasoma barua ya pongezi kutoka wilayani. Ilimtaja Ndugu Modestus Laurian, "ambaye awali alikuwa na mwelekeo wa kibepari", kuwa mzalendo wa mfano kwa kutoa mawe mara sita ya kiwango. Watu walipiga makofi. Alihamishwa kutoka benchi la mbele akakaa kwenye kiti. Kijiji kikawa hakina bepari, na kwa miezi kadhaa wahutubiaji walipata shida.

"Tumepata barua," alisema Scholastika nyumbani. Aliikunja akaiweka chini ya karai.

Vita ikaisha. Malori yakarudi, yakiwa machache kuliko yalivyokwenda, na barabara ikabaki kwa wenyewe. Katikati ya mwaka themanini Modestus alikwenda ofisini kwa Evaristi kujitolea kuitunza Kona ya Tope, bila posho. Evaristi aliguswa sana. Alimpa sururu na beleshi.

Kazi yake ilikuwa ya pekee katika historia ya barabara. Asubuhi alichimba mashimo, akatoa mawe meupe yenye michirizi ya buluu, akayaweka kwenye tenga. Mchana alijaza udongo na mawe ya mtoni pale alipotoa. Mvua ikinyesha, udongo ulikimbia, na mashimo yalirudi. Madereva wa kwenda Rusumo, mpakani, walianza kuitaja kona ile kwa maneno yasiyoandikika.

"Ndugu Modestus," alisema Evaristi siku moja, amesimama na baiskeli yake iliyopinda rimu, "unajituma kuliko mtu yeyote. Mbona kona haiponi?"

"Ardhi ya hapa ni laini, ndugu katibu."

"Na hayo mawe unayobeba kila jioni kuelekea mlimani?"

Hapo ilihitajika sababu, na Modestus alikuwa na moja tu iliyoonekana ya heshima. Alikuwa anayapeleka mahame, akiyarundika pale pale penye kaburi hadi siku ya kusaga, kwa sababu kule hakuna macho, na kinu cha Mgiriki alikuwa amekwisha kukificha shimoni. Lakini alisema:

"Ni ya kaburi la baba. Mawe yake yalikwenda vitani. Namrudishia."

Ulikuwa uongo mzuri. Ulikuwa karibu ukweli mtupu. Evaristi alivua kofia.

Kufikia kesho yake kijiji kizima kilikuwa kimesikia kwamba mawe ya Modestus, yale yaliyomwondolea ubepari, yalikuwa ya kaburi la baba yake mzazi, na kwamba alinyamaza wakati wote ule kwa ajili ya taifa. Ndassa alikuja analia. Alipiga magoti, mtu mzima, akasema hakujua, akasema kwao jambo hilo lina faini ya ng'ombe, na kabla ya kukataliwa ng'ombe alikuwa ameshafungwa nyuma ya nyumba.

"Simama, jirani," alisema Modestus. "Hukuona msalaba."

"Sikuuona."

"Basi."

Hakuna aliyeitisha mkutano. Hakuna waraka uliokuja. Watu walianza tu kupanda mlimani na mawe. Wanawake walibeba kichwani, wazee mkononi, jiwe moja moja; Ndassa alileta mikokoteni sita. Walileta ya mtoni, ya mashambani, mekundu, meusi, wakayaweka juu ya meupe ya Modestus, yaliyokuwa yamefika tenga la arobaini na kuzikaribia hesabu za baba. Kwa miaka sita Evaristi alikuwa amewahimiza watu hao walime shamba la kijiji, wakaja kumi na wawili na jembe la mtu mwingine. Siku ile walikuja wote, na pombe wakapika wenyewe.

Shangazi Ernesta alipandishwa kwenye kiti kilichofungwa juu ya mkokoteni. Alishuka, akaligusa kaburi.

"Kaka, umengoja," alisema. Kisha akamgeukia Modestus. "Na mchwa?"

"Wameondoka, shangazi."

"Safari hii msalaba wa chuma."

Ukawa wa chuma. Mhunzi aliuunga kutokana na springi za lori la jeshi lililoachwa bondeni. Na Evaristi, ambaye alikuwa hajawahi kutoa kitu cha kijiji bila kibali, alifika wa mwisho na mifuko miwili ya saruji. Mwaka ule saruji ilikuwa haionekani; zahanati ilikuwa inaisubiri tangu msimu uliopita. Aliiweka chini, akasema zahanati itasubiri kidogo, mzee amesubiri zaidi.

Wakaichanganya. Mwiko wakampa mrithi, kama inavyostahili.

Modestus alisimama mbele ya lundo lililofika kifuani. Kati ya mawe ya watu aliweza kuona bado, hapa na pale, weupe wenye buluu. Scholastika alikuwa upande wa pili, katikati ya wanawake, na hakumtazama, alitazama mwiko. Palikuwa na nafasi ya kusema. Watu mia tatu walikuwa wakisubiri, na Ndassa alikuwa ameshika ndoo ya maji kwa mikono miwili.

Akapaka. Alianzia miguuni, pale alipochukua jiwe lile la kwanza, akapanda taratibu hadi kichwani, akasawazisha, na aliposahau kona moja shangazi alimwonesha kwa fimbo. Saruji ilitosha kabisa. Katekista akabariki, akasema hakuna mkono utakaoyagusa mawe haya mpaka siku ya ufufuo, na wote wakaitikia.

Waliporudi nyumbani Scholastika aliosha karai, akaliegemeza ukutani.

"Hali imetulia," alisema.

Kesho yake alijitwika mahindi, akaenda Lusahunga kusaga. Alipita Kona ya Tope, ambayo tangu siku hiyo haikutoboka tena.